Bwana Afya Anajibu: "Nimepewa wiki mbili nichague wa kubeba taka za hospitali"

SWALI LA KWANZA

Mzee wetu Bwana Afya, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa hospitali binafsi ya vitanda 60 hapa Busia, upande wa Uganda. Tuna wodi nne, maabara, chumba cha upasuaji na kliniki ya wajawazito. Kampuni iliyokuwa ikituchukulia taka imetuandikia kwamba inaacha kufika huku mwisho wa mwezi. Nimeomba bei, zimejitokeza kampuni tatu. Ya kwanza inatoza kwa kilo. Ya pili inataka pesa ileile kila mwezi, taka ziwe nyingi au kidogo. Ya tatu bei yake ni nusu ya ile ya kwanza, na mwenyewe ni kijana msikivu, anapokea simu hata usiku. Mkurugenzi wetu, ambaye ni daktari, anasema yote hayo ni kupoteza pesa, tujenge tanuri letu nyuma ya jiko tuchome wenyewe. Ankara ya mwezi uliopita ilikuwa ya kilo 1,140. Nimepewa wiki mbili niamue. Nichague ipi?

Msimamizi, Busia

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hizo kampuni tatu nitazifikia, ila kilichonikaa kichwani ni kilo 1,140.

Chukua kalamu tuhesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi za kipato kidogo kama yetu, kitanda kimoja cha hospitali hutoa kama kilo 0.2 ya taka hatarishi kwa siku. Vitanda 60, hiyo ni kilo 12. Siku 30, kilo 360. Wewe umelipia zaidi ya mara tatu ya hapo. Najua makadirio ni ya kuanzia tu, na hospitali yenye maabara na kliniki inayojaa kila Jumatatu lazima izidi. Lakini haizidi mara tatu kwa sababu ya sindano. Inazidi kwa sababu ya maganda ya matoke.

Wala sitanii. Nikiwa bado kazini niliwahi kumwaga mfuko mmoja wa njano, yaani wa taka zenye maambukizi, juu ya turubai, nimevaa buti na glovu nene, wauguzi wamesimama pembeni wameziba pua. Mizani ilikuwa imesema kilo nane. Tukatoa maganda ya matoke, posho (ugali) iliyolala, gazeti la juzi, katoni tupu za glovu, na nepi ya mtoto ambaye hakuwa hata mgonjwa, alikuja tu na bibi yake kumwona mama. Tulipomaliza kutoa, taka za hospitali zenyewe, yaani bandeji, pamba zenye damu na mirija ya dripu, hazikufika kilo mbili. Sababu tuliiona palepale: ndoo ya njano ilikuwa kando ya kitanda na ndoo nyeusi ilikuwa huko mlangoni. Mtu aliyekesha anamuuguza mama yake hawezi kutembea hadi mlangoni kwa ajili ya ganda la ndizi. Tukaihamisha ndoo ya njano ikapanda kwenye toroli ya muuguzi, nyeusi ikaja kitandani. Kazi ya asubuhi moja, wala hatukuita semina.

Shirika hilohilo linasema karibu asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida kama za nyumbani kwako. Zikishaguswa na zile 15 zilizobaki, zote zinahesabiwa hatarishi na zote unazilipia. Kampuni inayotoza kwa kilo haitakwambia hilo. Kwa nini ikwambie?

Kwa hiyo wiki mbili ulizopewa, ya kwanza yote itumie kupima. Weka mizani mlangoni pa stoo ya taka, daftari la mistari, na mtu mmoja wa kuandika: wodi gani, rangi gani, kilo ngapi, saa ngapi. Nyeusi za kawaida, njano zenye maambukizi, nyekundu zile za hatari zaidi, maboksi ya sindano peke yake. Kondo la nyuma lipe mstari wake. Kondo moja ni karibu nusu kilo, kwa hiyo mkizalisha akina mama 100 kwa mwezi hizo ni kilo 50 ambazo hazina haja ya kupanda lori. Ni maji matupu, hazichomeki vizuri, na hospitali yenye eneo la kutosha inachimba shimo la kondo lenye zege juu, mfuniko unaofungwa na bomba la hewa, mbali na kisima, basi. Isitoshe, wazee wetu wa huku hawapendi kusikia kondo la mjukuu wao limesafirishwa hadi wilaya nyingine.

Sasa wazo la daktari wenu. Nitasema kwa adabu kwa sababu ni bosi wako na gazeti hili pengine analisoma.

Lile tanuri dogo la matofali la aina ya De Montfort, ambalo vituo vingi vya afya vilijengewa, lilibuniwa kwa mahali ambapo njia nyingine ni kuchoma shimoni au kutupa. Huko lilisaidia, silidharau. Lakini linataka kupashwa moto vizuri kabla hujatia mfuko wa kwanza, linataka mtu aliyefunzwa asimame hapo mpaka mwisho, na linataka ukarabati. Nimekagua mengi. Mwaka wa kwanza bomba limesimama refu linang'aa. Mwaka wa pili kutu imelitoboa na mlango umepinda haufungi. Mwaka wa tatu mbuzi wanalala ndani. Tanuri la maana lina vyumba viwili, na chumba cha pili kinafika nyuzi 850 kwenda hadi 1,100 ili moshi wenyewe uungue kabla ya kutoka. Chini ya hapo, plastiki ya PVC iliyomo kwenye mifuko ya dripu na ya damu inatoa daioksini, sumu inayotua kwenye nyasi, ikaingia kwenye ng'ombe, ikarudi mezani ndani ya maziwa. Na nyinyi mnataka kuliweka nyuma ya jiko la wagonjwa. Mwambie daktari asimame pale saa sita mchana aangalie upepo unaelekea wapi. Halafu mwambie kwamba hata tanuri la kwenu linahitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kama la mtu mwingine yeyote.

Turudi kwa kampuni. Hapa lazima nikupe kisa, na ni kisa cha aibu yangu mwenyewe.

Hospitali niliyoitumikia wakati huo siitaji, wala kampuni siitaji. Lori lilikuja kila Jumanne. Dereva alikuwa na karatasi ya mzigo yenye nakala tatu, mimi nasaini, anaondoka, baada ya wiki karatasi inarudi na muhuri kwamba taka zimeteketezwa. Nilikuwa na faili safi kabisa. Wakaguzi waliponijia nililifungua faili lile kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Jioni moja nimekwenda kijijini kwa shemeji yangu, taa ikaisha mafuta, nikatumwa kibandani. Mama wa kibanda akanipa mafuta ya taa ndani ya chupa ya dripu. Hilo peke yake si ajabu, chupa za dripu zimebeba mafuta na waragi nchi hii tangu nikiwa kijana. Lakini hii ilikuwa bado ina utepe mweupe wa plasta ubavuni, na juu ya utepe mwandiko wa kalamu nyeusi: wodi, namba ya kitanda, saa. Namba ya kitanda ilikuwa na saba iliyokatwa katikati kwa mstari. Hospitalini kwetu ni muuguzi mmoja tu aliyekuwa akikata saba namna hiyo, alisomea Kongo kwa masista.

Jumanne iliyofuata nilisaini karatasi kama kawaida, lori likatoka, nikapanda boda nikalifuata. Halikwenda mbali. Kabla ya barabara kuu lilikunja kushoto, likaingia kwenye machimbo ya marram yaliyoachwa. Pale palikuwa na akina mama wawili wanangoja na mabeseni. Dereva akawafungulia mifuko, wakachagua chupa, wakazisuuza kwenye maji ya shimo lilelile, na mengine yote yakamwagwa. Maboksi ya sindano yalikuwa yamelowa na kufumuka kama mikate. Nilirudi ofisini nikahesabu sahihi zangu kwenye faili. Zilikuwa 31.

Mke wangu alikataa ile chupa isiingie ndani. Ilining'inia kwenye msumari wa stoo mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni zote tatu ni moja: nionyeshe mahali taka zangu zinapoishia, na nije siku mnayochoma. Usikubali picha ya simu. Usikubali kutembezwa Jumapili tanuri likiwa limepoa na limefagiliwa. Ukifika, tazama bomba. Moshi mweusi unaoendelea maana yake taka zinafuka, haziungui. Omba kuona kipimajoto cha kila chumba na daftari la joto la wiki iliyopita, na utazame kama mwandiko wa siku zote saba umetoka kalamu moja kwa mkao mmoja, kwa sababu madaftari ya namna hiyo huandikwa asubuhi ya mgeni. Kisha omba kijiti, uchokonoe majivu. Ukikuta bomba la sindano bado lina umbo lake, au glovu ambayo unaweza kusema ilikuwa ya mkono wa kulia, rudi nyumbani. Uliza majivu yanazikwa wapi. Tazama miguu ya wafanyakazi. Ukiwaona wamevaa ndala, usiulize chochote zaidi. Wenye buti waulize kama wamechanjwa homa ya ini aina ya B na mara ngapi. Jibu zuri ni mara tatu, na anakutolea kadi.

Kuna kampuni ambazo hazichomi, zinatumia mtungi mkubwa wa mvuke kama ule wa chumba cha upasuaji, nyuzi 121 kwa nusu saa au zaidi, halafu taka zinasagwa. Ni njia nzuri, haina moshi, mimi naipenda. Lakini mvuke hauui dawa zilizoisha muda, hauui kemikali za maabara, na viungo vya mwili havipelekwi huko. Mtu akikwambia mtungi wake unamaliza kila kitu, anakudanganya au hajui kazi yake, na sijui lipi baya zaidi. Themometa za zebaki zilizovunjika usizitie popote kati ya hizo mbili, wala makopo ya kupulizia ya wagonjwa wa pumu. Yale hulipuka tanurini kama bunduki.

Karatasi nazo utazihitaji. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za taka za 2020 zinataka anayebeba taka hatarishi awe na leseni ya NEMA, na mwenye mahali pa kuziteketeza naye awe na yake. Hizo ni leseni mbili. Wengi wana ya kubeba peke yake, wanampelekea mtu mwingine mzigo. Si kosa, lakini basi nataka kumjua huyo mtu mwingine, nione leseni yake na mkataba kati yao, na tarehe ya mwisho. Kisha peleka nakala kwa afisa mazingira wa wilaya akuthibitishie, usitosheke na muhuri kwa sababu mihuri inachongwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kwa bei ya chai na chapati. Na siku gari linapokuja, namba yake iwe ile iliyoandikwa kwenye makaratasi.

Ukitaka sifa za kampuni, usimpigie mkurugenzi wa hospitali nyingine. Yeye anajua ankara tu. Tafuta mfagizi wa hospitali ile, mkute getini saa ya kubadilishana zamu, muulize: wiki iliyopita gari lilikuja siku gani? Na lisipokuja mnaweka wapi? Jibu la swali la pili ndilo litakalokwambia unaingia wapi. Kwa joto la Busia, taka zenye maambukizi hazifai kukaa zaidi ya saa 24 mpaka 48 bila ubaridi. Kampuni inayokuja mara moja kwa wiki inakuachia kazi ya kununua friza, na friza hiyo iingize kwenye hesabu.

Kuhusu bei. Anayelipwa kwa kilo anafurahi mfuko ukiwa na maji. Anayelipwa kwa mwezi anafurahi asipokuja. Hakuna malaika hapo, kila mkataba una shimo lake na kazi yako ni kujua liko upande gani. Kama umeshapanga ndoo na umeshapima wiki nzima, mimi ningekwenda na ya kilo, kwa mizani yako, iliyopigwa muhuri wa UNBS, shirika la viwango, mwaka huu, mfuko kwa mfuko, mbele ya mtu wako, kabla haujagusa gari. Karatasi inayorudi kutoka tanurini iwe na kilo zilezile. Zikitoka 88 zikafika 61, zile 27 ziko kwenye machimbo ya mtu.

Huyo kijana wa nusu bei simjui na sitaki kumhukumu. Lakini dizeli haiuzwi kwa usikivu. Kaa naye mpige hesabu mbele yake: kutoka Busia mpaka tanuri lake ni kilomita ngapi, kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, halafu mafuta ya tanuri lenyewe, halafu watu wawili na buti zao. Kama hesabu inapita pesa anazokuomba, muulize nani analipa kilichobaki. Anaweza kuwa na jibu. Pengine anapita Bugiri na Iganga kukusanya kwa hospitali nyingine, gari linajaa, gharama inagawanyika. Hilo ni jibu zuri. Akicheka tu na kukwambia "Mama, hiyo niachie mimi," usimwachie.

Mkataba andika mwaka mmoja, usiandike mitatu. Uwe na siku za kuja na faini ya siku isiyokuja, haki yako ya kutembelea tanuri bila kupiga simu, na mahali pa pili pa kuteketezea pale tanuri la kwanza linapoharibika, kwa sababu litaharibika. Na weka kifungu cha siku ya mlipuko. Watu wanakisahau hiki. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022 haikuisha mpaka Januari 2023, na mwaka 2025 mwezi wa kwanza ikaanzia Kampala penyewe, kwa muuguzi. Nyinyi mko mpakani, malori yanalala barabarani kwenu. Siku mgonjwa mmoja akishukiwa, mavazi ya kinga ya zamu moja tu yanajaza mifuko, na dereva wa kampuni anaweza kuzima simu. Taka za namna ile zinatakiwa ziuliwe vijidudu hapohapo hospitalini kabla ya kusafiri. Kubalianeni sasa nani anafanya nini, mkiwa bado mnapumua vizuri.

Na mifuko myeusi usiisahau kwa kuwa ni rahisi. Inakwenda kwenye jalala la mji, na majalala yetu yana watu ndani. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la Kiteezi, jalala la Kampala, liliporomoka likaua zaidi ya watu 30, na miongoni mwa waliokuwa wakiishi kwa lundo lile walikuwemo wanaookota plastiki kwa mikono mitupu. Sindano yako moja iliyoteleza kwenye mfuko mweusi inamfikia mtu kama huyo kwanza.

Nani umchague? Kwanza pima. Kama kampuni ya kwanza itakupeleka tanurini siku ya kuchoma na majivu yakakuridhisha, chukua hiyo. Ukishatoa maganda ya matoke utalipa pungufu ya unavyolipa sasa, hata bei ya kilo ikipanda. Kisha, mara moja katika miezi mitatu, siku usiyoitangaza, panda boda ulifuate lile gari. Nauli iandike kwenye vocha ya hospitali. Mimi yangu sikurudishiwa.

SWALI LA PILI

Bwana Afya, nina duka la dawa Tororo. Nimekusanya katoni mbili za dawa zilizoisha muda. Jirani yangu anasema nizimwage chooni. Je, naweza?

Mwenye duka, Tororo

JIBU

Hapana, na jirani yako asikushauri tena. Antibayotiki za chooni zinaingia kwenye maji ya kisima chenu nyote wawili. Ziorodheshe jina, kundi, tarehe na idadi, zitenge kwenye katoni iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu ili mtoto wa duka asiziuze kwa bahati mbaya, kisha ijulishe Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Uteketezaji wa dawa unafanyika chini ya usimamizi wao, na utapewa karatasi. Gharama ni yako, kwa hiyo ukutane na wenye maduka wenzako mpeleke pamoja. Katoni mbili peke yake ni ghali, ishirini zinachangiana.

SWALI LA TATU

Mzee, mimi ni mfagizi wa kliniki moja. Leo asubuhi nikinyanyua boksi la sindano limenichoma kwenye paja, damu imetoka kidogo. Msimamizi amesema nipake spiriti niendelee na kazi. Nifanye nini?

Ujumbe kwa simu

JIBU

Huyu sikungoja gazeti litoke, nilimpigia palepale. Jibu naliandika kwa ajili ya wengine wanaoambiwa wapake spiriti.

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye. Kisha nenda, siku ileile, kwenye kituo kinachotoa dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa. Zinataka kuanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Hatari ya VVU kwa sindano moja iliyotoka kwa mwenye virusi ni ndogo, kama watu 3 katika 1,000. Inayonitisha mimi ni homa ya ini aina ya B: kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 katika 100. Uliza kuhusu chanjo hiyo siku hiyohiyo. Na jina lako liandikwe kwenye kitabu cha ajali za kazini, wewe mwenyewe ukiona linaandikwa.

Alikwenda. Jioni aliniambia ameanza vidonge na vinamtia kichefuchefu, nikamwambia avimeze na chakula. Nikamuuliza lile boksi lilikuwa limejaa kiasi gani. Maboksi yale yana mstari kwenye robo tatu, ukifika hapo unafunga, unachukua jingine. Akasema la kwao lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, wamelifunga kwa plasta, na sindano mbili zilikuwa zimetokeza ubavuni. Ameambiwa maboksi mapya yatanunuliwa mwezi ujao.

Namba ya huyo msimamizi ninayo. Nampigia kesho asubuhi kabla hajanywa chai.